Ramani ya Matone

Machi 2

Daktari wa moyo amefika leo hadi kitandani. Amenisikiliza kifua, akakunja mpira wake wa kusikilizia, akasema, "Mwalimu, mvua hizi utaziona. Za mwakani sikuahidi." Nilimshukuru kwa dhati. Nimefundisha hisabati maisha yangu yote na sijawahi kupenda jibu linalozungukazunguka.

Alipoondoka nilimwomba mkwe wangu daftari na penseli.

"La wosia, Baba?"

"Wosia niliandika zamani. Hili la kuungama."

Alicheka mpaka akaegemea mlango. "Utaungama nini wewe? Hata kujigeuza huwezi bila mimi kujua."

"Naanza na vidogo. Supu ya jana niliyamwagia maua, hapo dirishani."

"Najua. Maua yamenenepa, wewe umekonda."

Machi 3

Niseme nani ni nani, maana nitakapokuwa sipo huenda mtu mwingine akalifungua daftari hili.

Mkwe wangu ni mke wa mwanangu wa pili. Mwanangu mwenyewe huendesha lori la masafa marefu. Huja nyumbani kama mgeni, akala kama mgeni, akaondoka. Anayeniosha, anayenilisha na kunigombeza ni mkewe. Kifungua mimba wangu ni binti, daktari wa meno, anaishi ng'ambo ya pili ya mji katika ghorofa ya tano. Anapiga simu kila jioni. Hunisemesha kama anavyowasemesha wagonjwa wake: anauliza swali ukiwa umeachama, kisha anajijibu.

Mimi nipo chumba cha nyuma. Humu niliishi na mama yao. Humu alifariki, upande huu huu wa kitanda ninaolala sasa, akiwa ametulia kabisa. Nami nataka kufia humu. Sina ombi jingine lililobaki.

Binti hataki. Paa letu ni la zamani, naye ameshasema kwenye simu, "Mapafu yako na unyevu haviendani, Baba. Siku maji yakikudondokea kitandani nakuja na gari. Na sitabishana."

Hakuwahi kubishana. Hata utotoni alikuwa akishinda kwa kunyamaza.

Machi 7

Mvua ya kwanza. Tone moja, mbali na kitanda. Mkwe ameweka beseni. Simu ya jioni: "Pakavu, Baba?" Nikasema, "Pakavu."

Ungamo la kwanza la kweli ndilo hilo.

Machi 9

Amekuja fundi wa mabati. Jina lake la kuzaliwa silijui. Mtaa mzima unamwita Paka kwa jinsi anavyotembea juu ya mapaa. Akapanda. Nikawa nasikia miguu yake juu yangu na sauti ya mkwe uani.

"Wapi, dada?"

"Hapo! Hapana, nyuma kidogo. Sio nyuma hiyo!"

"Nyuma ziko ngapi?"

"Ulipokuwa mwanzo!"

"Mwanzo nilikuwa kwenye ngazi, dada!"

Nikacheka hadi nikatafuta pumzi. Akapaka lami mahali fulani, akashuka. Jioni mvua ikanyesha, tone likaanguka palepale kwenye beseni, kama lililoitwa.

Machi 10

Nimelala chali na kutazama juu, kwa kuwa ndiko ninakoweza kutazama. Na leo ndipo nimeiona dari. Nimekuwa chini yake tangu nilipooa, lakini kuiona nimeiona leo.

Ni ya vibao vya mraba, kila kimoja kama nusu mita, vimetenganishwa na vipande vya mbao vilivyopakwa rangi nyeupe. Mistari inakwenda hivi, mistari inakwenda vile. Katikati kabisa, pale vipande viwili vikuu vinapokutana, inaning'inia taa. Juu ya taa hiyo, bomba la nyaya limetokeza nje ya bati; Paka analijua, huwa analishika asiteleze.

Basi! Nimelalia karatasi ya grafu, au tuseme karatasi ya grafu imenilalia. Taa ndiyo sufuri na sufuri. Mhimili mlalo unakwenda kulia kwangu na kushoto kwangu. Mhimili wima unapanda kuelekea ukuta wa kichwani na kushuka kuelekea mlangoni. Kila tone lina jira zake: namba ya kwanza, vibao vingapi kulia au kushoto, ya pili, vingapi juu au chini. Tone letu liko (0, 3). Hakuna haja ya mtu kupiga kelele uani.

Nimechora yote katika karatasi moja kubwa. Mkono unatetemeka, lakini rula haitetemeki. Mkwe amekuja kuchukua sahani akanikuta nang'aa.

"Baba, una homa?"

"Nina gridi."

"Nimwite daktari?"

Machi 11

Nimemfundisha Paka kusoma nukta. Ameelewa kwa haraka. Ameikunja karatasi akaitia ndani ya kofia yake, akasema, "Mwalimu, sasa hii ni kama ramani ya hazina."

"Hazina ni kukauka."

"Basi nitaichimba."

Alianza kwenye bomba la nyaya, akauelekea ukuta wa kichwani, akapima vibao vitatu kwa futi yake, akapaka lami.

Machi 12

Mvua kubwa tangu adhuhuri. Nukta (0, 3): kavu! Nimeiwekea alama ya vyema. Nimekula supu yote kwa furaha, maua yakapata njaa.

Machi 16

Tone jipya, (3, 1). Upande wa dirisha. Mkwe amesukuma kitanda upande wa kabati. Paka ameitwa, amepaka.

Machi 18

(3, 1) bado inadondoka. Paka amepanda tena, akaapa kwamba amepaka mahali penyewe, tena lami nene. "Maji yana miguu, Mwalimu," akaniambia kupitia dirishani. "Yanaingia hapa, yanatembea, yanatokea pale."

Inawezekana. Sijui tabia za maji. Nazijua za namba.

Machi 21

(−4, −2), upande wa kabati, karibu na mlango. Mkwe amesukuma kitanda tena. Chumba kimekuwa ubao wa mchezo, na mimi ndiye kete.

Na (0, −2), nyuma ya taa. Paka amepaka zote mbili.

Machi 23

(0, −2) imekauka. (−4, −2) haijakauka. Sielewi. Paka anasema maji ya upande mmoja huwa mkaidi zaidi.

"Pakavu, Baba?"

"Pakavu, mama."

Namwita mama ninapomdanganya. Nimeligundua hilo leo, na limenichoma.

Machi 29, Jumapili

Binti amekuja. Mkwe alianza maandalizi asubuhi: mabeseni yote chini ya kitanda, blanketi likashushwa hadi sakafuni kuyaficha, dirisha likafunguliwa kutoa harufu ya unyevu. Mbingu ilikuwa nyeupe, haina neno. Nikawa naiomba isubiri hadi chai iishe.

Ameingia na viatu vyake visivyolia. Amenitazama ulimi, kucha na miguu. Ameuliza, "Unakula?" akajijibu, "Hauli." Akaketi kando ya kitanda, mkwe akamletea chai.

"Wifi, umekonda na wewe," akamwambia mkwe. "Mzee anakuchosha?"

"Ananichekesha tu, wifi. Uchovu nimeshauzoea."

Hapo ndipo mvua ilipoanza. Hakuna hata aliyesogea. Tulikuwa tunaisikiliza kama watu wanaosikiliza hodi ya mdai. Nilijua ni kibao kipi: (2, −3), nukta mpya ambayo bado sikuwa nimemwonyesha Paka. Na binti yangu alikuwa ameketi chini yake sawasawa.

Tone likaanguka ndani ya kikombe chake. Lilitoa sauti ndogo, plup.

Mkwe akakohoa kwa nguvu. Mimi nikaanza kuuliza habari za wagonjwa wake, jambo ambalo sijawahi kufanya. Binti alikitazama kikombe. Kisha akakiinua, akanywa.

"Chai nzuri, wifi," akasema. "Nyepesi kidogo."

Akaaga muda mfupi baadaye. Mkwe alipofunga mlango aliketi sakafuni akashika kichwa. "Hakuona, Baba! Wallahi hakuona!"

Huyu mtoto hutumia kutwa nzima akitafuta tundu lenye ukubwa wa punje ya mchanga katika meno ya watu, naye asione tone katika chai yake mwenyewe. Nilifurahi, na papo hapo nikamdharau kidogo. Naandika yote mawili kwa kuwa yote mawili ni kweli.

Aprili 2

Mvua. Kitanda kimeenda kati ya (3, 1) na (2, −3). Nimevaa koti la mvua la mwanangu, lenye kofia. Mkwe amenipiga picha, akakataa kunionyesha.

Aprili 4

Mvua.

Aprili 5

Mvua. Paka amepaka (2, −3). Imekataa.

Niseme jambo ambalo nisingelisema nikiwa mzima: nina furaha. Nina sababu ya kufumbua macho asubuhi. Nasikiliza, nahesabu vibao, naandika nukta, nangoja matokeo. Tangu mama yao aondoke sikuwa nikingoja kitu chochote isipokuwa zamu yangu. Sasa nangoja kujua kama (−4, −2) itakauka. Mtu anaweza kuniona mpuuzi. Aje alale hapa.

Aprili 9

Naandika kwa vipande. Niwieni radhi mwandiko.

Juzi mchana mvua ilikuja na upepo, na bati likapiga kelele hata sikusikia sauti yangu mwenyewe. Mkwe alikuwa sokoni. Kwanza yalianza matone ninayoyajua. Kisha kibao cha (−1, 2) kikajaa maji katikati kama shavu la mtu mwenye jipu, kikapasuka, na maji yote yakanimwagikia kifuani.

Sikuweza kujiinua. Sikuweza kulivuta blanketi lililolowa. Nikalala ndani ya maji nikitazama tundu, na nasema ukweli, jambo la kwanza nililofikiri ni: hasi moja, mbili. La pili: asije akajua.

Mkwe alirudi akanikuta midomo imebadilika rangi. Alinibadilisha nguo, akanikausha, akanifunga kwa kila kilichokuwa kikavu ndani ya nyumba hii, pamoja na gauni lake la harusi. Kisha akatoa simu.

"Usimpigie," nikasema.

"Nampigia."

"Mkwe, nakuomba. Tulikubaliana."

"Tulikubaliana mambo ya mabeseni, Baba! Hatukukubaliana nikukute umekufa maji kitandani, kwenye ghorofa ya chini, nchi kavu!" Alikuwa akilia na kubonyeza simu kwa pamoja. "Nimechoka kumdanganya wifi. Kila jioni unasema pakavu na mimi nimesimama hapa na tambara mkononi. Yule naye ni mtoto wako."

Nilimwona msaliti. Nililala nikiwa nimegeuzia uso ukutani, yaani kama ningeweza kujigeuza ningefanya hivyo. Ilibidi nigeuze macho tu.

Binti alifika akiwa bado amevaa koti lake jeupe la kazi. Alinisikiliza mapafu, akanichoma sindano, akapima joto. Nilikuwa na homa ndogo tu, na mapafu, kwa maajabu, yalikuwa safi. Akasimama akatazama kibao kilichopasuka. Akainama akavuta mabeseni chini ya kitanda, moja baada ya jingine, akayapanga sakafuni kwa mstari. Halafu akaiona karatasi.

Ilikuwa imebandikwa ukutani: gridi yote, nukta zote, nyingine zina alama ya vyema, nyingi zina alama ya kosa. Aliisoma kwa muda mrefu.

"Baba, hii ni nini?"

"Ni matone. Na majibu ya Paka."

"Ulichora wewe?"

"Nani mwingine?"

Nilitarajia aikunje. Badala yake alivua viatu, akanisogeza kwa kiuno kama nilivyokuwa nikimsogeza yeye utotoni, akalala chali kando yangu juu ya godoro lililolowa. Mkwe alisimama mlangoni na kikombe, hajui aingie au atoke.

Tukawa tunatazama juu, mimi na binti yangu.

"Taa ni sufuri," akasema.

"Taa ni sufuri."

"Na kulia ni kulia kwako. Upande wa dirisha."

"Ndiyo."

"Zilizopona ni hii na hii. Sufuri, tatu. Sufuri, hasi mbili. Nyingine zote zimekataa." Kisha nikahisi godoro linatikisika. Nilidhani analia. "Baba," akasema, na sauti haikumtoka vizuri, "Paka akiwa juu anatazama wapi?"

"Anatazama... anashika karatasi, anaelekea ukuta wa kichwani."

"Na anatazama juu kama wewe?"

"Atatazamaje juu naye yuko juu? Anatazama chi—"

Nikaigeukia karatasi ukutani kwa macho.

Akaketi, akaita kwa sauti. Paka alikuwa uani tayari, mkwe alikuwa amemwita naye kwa hasira ileile moja. Akaingia akidondokwa na maji. Binti akamsimamisha katikati ya chumba.

"Fundi, utazame ukuta huu, wa kichwani kwa mzee. Inua mkono wa kulia."

Paka akainua. Ukaelekea kabati.

"Baba, na wewe inua wako."

Nikauinua, kwa shida. Ukaelekea dirishani.

Mkwe ndiye aliyeanza kucheka, huku machozi hayajamkauka.

"Mimi nafanya kazi na watu waliolala chali," binti akasema. "Kulia kwa mgonjwa ni kushoto kwangu, kutwa kucha. Mwaka wa kwanza chuoni nilikaribia kung'oa jino zima nikaacha bovu, tangu siku hiyo nikimwona mtu amelala tu, kichwa kinageuza chenyewe. Wewe unaisoma dari kutoka chini. Yeye analisoma paa kutoka juu. Tatu yako ni hasi tatu yake. Ni sufuri pekee ambayo haina kulia wala kushoto, ndiyo maana hizo mbili zilipona."

Kuakisi nukta katika mhimili wima! Nimelifundisha hilo kwa madarasa mangapi? Nimelitungia mitihani. Nimewapa watoto wa watu sufuri kwa kukosea alama ya hasi. Na msimu huu wote nimekuwa nikimtuma mtu apande ngazi kwenye utelezi kwenda kuziba mahali pazima kabisa, kwa vipimo sahihi kabisa.

"Kwa hiyo huko juu," Paka akasema polepole, "nimeichora picha yote ya mzee, kwa lami, ila imegeuka."

"Imegeuka sawasawa," nikasema.

"Hata mimi niliona imependeza."

Nikacheka. Kifua kiliuma, na nikaendelea kucheka, na binti yangu naye alikuwa akicheka ule mcheko wa mama yake wa kufumba macho. Sikumbuki ni lini mara ya mwisho niliusikia.

Lakini alipovaa viatu alirudi kuwa daktari. "Jua likitoka Fundi azibe zote, kwa namba nitakazompa mimi. Ikinyesha mvua moja, ya kweli, na pakawa pakavu, unabaki. Likianguka tone moja, unakwenda nami siku hiyohiyo. Na nitakuja kuitazama kwa macho yangu."

Nilikubali.

Aprili 10

Jua. Paka amepaka nukta zote, zilizogeuzwa. Amebadilisha kibao kilichopasuka. Mkwe nami hatujasemeshana tangu ile siku, isipokuwa mambo ya supu.

Aprili 11

Jua.

Aprili 13

Jua. Godoro limekauka, homa imekwisha. Kiroja ni hiki: nilikuwa naogopa mvua, sasa naitafuta dirishani kama mtu anayengoja mgeni.

Mchana nilimwambia mkwe, "Nilikuona msaliti."

"Nilijua. Ulininunia kwa macho."

"Ulinisitiri nilipotaka, ukanisaliti ilipobidi. Binti yangu mwenyewe asingefanya vizuri zaidi."

Alikuwa akikunja shuka. Aliendelea kulikunja, likawa dogo sana. "Baba, ukienda kwa wifi, nitalala siku mbili mfululizo. Ya tatu nitakufuata." Kisha, akiwa bado ananipa mgongo: "Chumba amekiandaa tangu kabla ya mvua. Ulikuwa hujui? Ameweka vishikio bafuni. Ameweka na kengele. Alinikataza nisikwambie, usione unasukumwa."

Nililitafakari hilo hadi supu ikapoa. Nilidhani ananitaka kwa sababu ya paa. Kumbe paa lilikuwa kisingizio chake, kama lilivyokuwa changu. Mtu mwenye haya akitaka kumwambia babaye anamhitaji, atasema nini? Atasema unyevu.

Aprili 14

Jua, na mawingu jioni.

Aprili 16

Imenyesha.

Ilianza asubuhi kwa uvivu. Mkwe akapiga simu, binti akafika kabla haijakolea. Nadhani aliacha mtu ameachama kitini. Aliketi kwenye kigoda katikati ya chumba, mikono magotini. Mkwe akaketi mlangoni. Hakuna beseni hata moja lililowekwa, kwa amri yake.

Mvua ikakolea. Bati likaanza kelele zake. Nilipitia nukta moja moja: tatu, moja. Hasi nne, hasi mbili. Mbili, hasi tatu. Hasi moja, mbili. Nilizipitia kama mtu anayeita majina darasani akitumaini kwamba hakuna atakayeitikia. Maji yalikuwa yakishuka nje kwa mifereji, yakipiga ukuta, yakijaza ua. Ndani hakukuanguka kitu.

Ilinyesha hadi adhuhuri ikapita. Ilipopungua, binti alisimama, akapitisha kiganja chake kwenye kila kibao alichoweza kukifikia akiwa juu ya kigoda. Akashuka. Akakitazama kiganja.

"Umeshinda, Baba," akasema. "Unabaki."

Akaanza kutafuta mkoba wake. Ulikuwa begani kwake.

Nilijua kwamba nisiposema sasa sitasema. "Keti. Nina jambo la kuungama."

"Baba, nina watu wanangoja."

"Nilikudanganya. Kila jioni. Palikuwa panavuja tangu mvua ya kwanza."

Aliketi, si kwenye kigoda, kando yangu. "Najua."

"Unajua tangu lini?"

"Tangu ile Jumapili. Nilikuwa napiga mabeseni kwa visigino kila nikikunja miguu. Halafu nikanywa maji ya paa."

"Uliona!"

"Baba, lilinirukia puani."

Mkwe alitoa sauti kama ya kuku aliyekanyagwa, akaziba mdomo.

"Kwa nini hukunichukua?" nikauliza. "Ulikuwa na haki yote."

Safari hii swali halikuwa lake, naye akangoja jibu lije. "Uliposhtuka lile tone lilipoanguka," akasema, "hukukitazama kikombe. Ulitazama juu, midomo ikawa inacheza. Ulikuwa unahesabu. Tangu Mama aondoke sijakuona ukihesabu kitu. Nikajiambia, nisubiri kidogo. Kisha mvua ile ikakumwagikia, na nikajua ningekuua kwa kusubiri kwangu."

"Hukuniua."

"Nilikaribia."

Basi sisi wawili tulikuwa na ungamo moja. Nikamshika mkono. Mkono wake una nguvu sana, ni wa mtu anayeng'oa. "Nichukue," nikamwambia. "Nimekubali kwa hiari yangu. Twende kwenye vishikio vyako."

Akamgeukia mkwe kwa jicho kali. Mkwe akaitazama dari.

"Hapana," binti akasema. "Unasema kwa kunihurumia. Ulitaka hapa, na hapa ni pakavu. Nimepaziba mimi."

"Basi wewe uje."

Alivaa viatu, akatoka. Nikasikia gari likiondoka na nikajilaumu kwa kutaka vyote viwili.

Aprili 18

Amekuja na godoro juu ya gari. Amechukua likizo ambayo anasema alikuwa akiilimbikiza bila kujua ni ya nini. Amekuja na vishikio pia, amevifungua bafuni kwake kwa mikono yake, na Paka anavifunga kwetu.

Aprili 21

Wanagombana jikoni kuhusu chumvi ya supu yangu. Mkwe anasema, "Wifi, ya moyo si ya meno." Nimekula bakuli mbili ili kuwapatanisha.

Aprili 24

Mkono umekuwa mzito. Mkwe anashika daftari, mimi nasukuma penseli. Binti amenisikiliza kifua asubuhi, akachelewa sana kuinua kichwa. Sikumuuliza. Anajua kwamba nayapenda majibu yenye kikomo, na nimeona amelishika jibu mdomoni ili abaki nalo peke yake kwa leo. Nimemwachia.

Aprili 27

Mvua nzuri, ya utaratibu.

Wameingia wote wawili, mikono kiunoni. Wamesema kitanda kimekaa vibaya, kiko katikati ya chumba kama mashua iliyokwama, kwa kuwa msimu wote kilisukumwa palipokuwa pakavu. Sasa kwa kuwa pote ni pakavu, niseme nakitaka wapi. Binti anasema kando ya kabati, hakuna upepo. Mkwe anasema dirishani, kuna mwanga. Wakaanza tena, wifi hivi, wifi vile, hadi wakakumbuka kwamba waliniuliza.

Zamani ningetaka kirudi ukutani, alipofia mama yao. Nimeufikiria. Yeye hayupo hapo tena, na sitaki tena kutazama alipolala bali wanapopita wao.

Nimeonyesha kwa kidole: kando ya mlango, miguu yangu iwe kizingitini, mlango uachwe wazi. Kutoka hapo naliona jiko lote, na ua, na kamba ya nguo.

"Hapo kuna kelele, Baba," binti akasema.

"Ndiyo," nikasema. "Sukumeni."